Mali Bila Daftari: Wachezaji Tunaowakumbuka na Wale Tuliowapoteza

Mhadhara kwa walimu, viongozi wa timu na vijana wa Lusangi, Maniema



Nimeombwa niseme juu ya wachezaji wa zamani, wenye sifa na wasio na sifa. Najua wengi mnangoja Leopards, timu yetu ya taifa, na nitafika kwao. Lakini naomba nianze mbali, kwenye mchezo ambao hapa kwetu hauchezwi: beisboli ya Wamarekani. Sababu yangu ni moja tu. Sijaona mchezo mwingine unaotunza majina ya watu wake kiasi hicho, wakubwa kwa wadogo. Nataka tuone wamefanyaje, kisha tujiulize sisi tumekwama wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo tumewaachia wenye maduka. Leo nataka kuipeleka uwanjani, kwa sababu mchezaji naye ni mali ya mji wake, na hiyo ni mali tuliyoipoteza kwa wingi.

Mchezo wenye karani

Kwa wasioujua, beisboli huchezwa hivi. Timu ni mbili, kila moja ina watu 9. Mtu wa timu moja anarusha mpira mdogo mgumu. Mtu wa timu ya pili amesimama na gongo la mti, anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia, anapita vituo vitatu, anarudi pale alipoanzia, na hapo timu yake imepata pointi moja. Wapigaji watatu wakishatolewa, wanaopiga wanakwenda kurusha na waliokuwa wanarusha wanakuja kupiga. Zamu tisa zikiisha, na mmoja amemzidi mwenzake, mchezo umekwisha.

Ni mchezo wa polepole. Kati ya mrusho mmoja na mwingine kuna nafasi ya kupumua, na Wamarekani waliitumia nafasi hiyo kuandika. Mwandishi wa magazeti Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia New York, alianza katika miaka ya 1850 kuchapa jedwali la kila mchezo. Kila mchezaji alipata mstari wake: amepiga mara ngapi, amezunguka vituo mara ngapi, amekosea mara ngapi. Nyota ana mstari mmoja, na yule aliyeingizwa dakika za mwisho naye ana mstari mmoja. Katika jedwali la Chadwick hakuna aliyekuwa mdogo mno wa kuandikwa.

Tazameni matunda yake. Tarehe 29 Juni 1905, kijana Archibald Graham, ambaye wenzake walimwita Moonlight, aliingizwa uwanjani na timu ya New York Giants dhidi ya Brooklyn. Mchezo ulikuwa unakaribia kwisha. Alisimama upande wa kulia, mbali. Timu yake iliporudi kupiga, yeye alikuwa anayefuata. Mwenzake aliyemtangulia akatolewa, na hapo hapo zamu ikafungwa. Graham hakushika gongo. Hakurudi tena katika ligi kuu hata siku moja. Alisomea udaktari, akahamia Chisholm, mji wa machimbo ya chuma katika jimbo la Minnesota, akatibu watoto wa shule na familia za wachimbaji kwa miaka mingi, akafa mwaka 1965.

Mtu huyo alipaswa kusahaulika. Lakini mstari wake ulibaki kitabuni: mchezo mmoja, kupiga mara sifuri. Mwandishi wa riwaya W. P. Kinsella aliuona, akashangaa ni nani huyu, akamtafuta, akamweka katika riwaya yake ya mwaka 1982. Mwaka 1989 riwaya hiyo ikawa filamu, na leo Graham anajulikana kuliko mamia ya wachezaji waliomzidi kwa kila kitu.

Weusi walioandikwa na magazeti yao

Msidhani, ndugu zangu, kwamba daftari la Wamarekani lilikuwa la haki. Kwa zaidi ya miaka 60 ligi zao kubwa ziliwafungia watu weusi mlango. Weusi wakaunda ligi zao wenyewe, na huko ndiko alikocheza Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords, mtu aliyeogopwa na kila mrushaji aliyekutana naye. Gibson alifariki tarehe 20 Januari 1947 akiwa na miaka 35. Chini ya miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na mlango ukafunguliwa. Robinson anajulikana dunia nzima. Kaburi la Gibson lilikaa bila jiwe lenye jina mpaka mwaka 1975.

Kilichomrudisha Gibson ni magazeti ya watu weusi wenyewe, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, yaliyochapa majedwali ya michezo ya weusi wakati magazeti ya wazungu yaliiona haina maana. Watafiti walikaa na magazeti hayo ya zamani miaka na miaka, ukurasa kwa ukurasa, wakijumlisha. Tarehe 29 Mei 2024 ligi kuu ya Marekani iliingiza katika vitabu vyake hesabu za wachezaji zaidi ya 2,300 wa ligi za weusi kati ya 1920 na 1948. Siku hiyo ikaonekana kwamba Gibson, kwa wastani wa 0.372, ndiye mpigaji bora wa historia yote, mbele ya Ty Cobb aliyekaa kileleni kwa vizazi. Maana yake ni kwamba katika kila mara 1,000 alizohesabiwa kupiga, alifanikiwa mara 372. Mtu aliyekwisha kufa miaka 77 aliwapita walio juu yake, kwa sababu mwandishi wa gazeti la weusi aliandika namba zake jioni ile ile ya mchezo.

Wasichana walioko hapa nao wasikilize. Katika ligi hizo hizo, mwaka 1953, Indianapolis Clowns walimsajili mwanamke, Toni Stone, akacheza na wanaume. Naye tunamjua kwa njia hiyo hiyo: jina lake liliandikwa pamoja na majina ya wengine.

Karibu na kwetu: Uganda

Beisboli haiko mbali na sisi kama tunavyodhani. Uganda wanaicheza. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walikwenda Kutno, Poland, wakashinda mashindano ya kanda yao, wakapata haki ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye fainali za dunia za watoto. Hawakwenda. Walinyimwa viza, kwa sababu karatasi zao hazikupatana juu ya umri wa baadhi yao na tarehe walizozaliwa. Timu ya Saudia, ambayo watoto hao walikuwa wameishinda, ndiyo iliyokaa nafasi yao, na timu hiyo yenyewe ilikuwa ya watoto wa wageni wanaofanya kazi huko.

Mwaka uliofuata, 2012, watoto wa Lugazi walifika na karatasi zilizonyooka, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Williamsport. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, na mara ya kwanza kushika gongo alipiga mpira akafika kituoni. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Wazazi, lile la mwaka 2011 liwaingie. Watoto wale walikuwa na miguu, macho na mikono ya kushinda. Kilichowaangusha ni karatasi. Sheria ya Kongo inatupa siku 90 kuandikisha mtoto akizaliwa. Ni wangapi hapa Lusangi wana watoto wa miaka 10 ambao serikali haijui kama wapo? Siku mtu wa timu kubwa akija kutafuta vijana, mtamwonyesha nini?

Hata njia yetu ya zamani inatufundisha

Wengine watasema kuandika ni desturi ya wazungu. Si kweli. Sisi tunakaa kando ya njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara Tippu Tip, alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakaandikwa na kuchapwa, na kwa hiyo mpaka leo tunajua alipopita, alipigana na nani na alipata pembe ngapi. Wapagazi waliobeba pembe hizo kwa mabega, na watu waliouzwa na kuswagwa kwenye njia ile, walikuwa maelfu. Ni nani hapa anaweza kunitajia kumi kwa majina? Hiyo ndiyo tofauti kati ya aliye na daftari na asiye nalo, na katika habari hii aliyestahili kukumbukwa kwa wema siye aliyekumbukwa.

Leopards, na mpira mmoja uliofunika yote

Sasa nafika pale mlipokuwa mnaningoja.

Wakongomani walicheza mpira Ulaya kabla ya uhuru. Léon Mokuna alikwenda Sporting ya Lisbon mwaka 1954, kisha Gent ya Ubelgiji. Mwaka 1967 na 1968 TP Englebert ya Lubumbashi, ndiyo TP Mazembe ya leo, ilikuwa bingwa wa klabu za Afrika mara mbili mfululizo, na langoni alisimama Robert Kazadi. Tarehe 21 Januari 1968, Addis Ababa, Kongo iliishinda Ghana 1 kwa 0 ikachukua Kombe la Afrika. Goli lilikuwa la Pierre Kalala. Mwaka 1973 AS Vita Club ikawa bingwa wa Afrika, na Bwanga Tshimen akatangazwa mchezaji bora wa bara.

Halafu mwaka 1974, Misri. Zaire, ndivyo Kongo yetu ilivyoitwa wakati huo, ilitoka sare ya 2 kwa 2 na Zambia katika fainali ya Kombe la Afrika, na magoli yote mawili yalikuwa ya Ndaye Mulamba. Ikarudiwa siku mbili baadaye: 2 kwa 0, tena Ndaye, tena yote mawili. Katika mashindano hayo alifunga magoli 9. Tangu siku hiyo hakuna aliyeyafikia katika Kombe moja la Afrika, si Eto'o, si Drogba, si Salah.

Mwaka huo huo Zaire ilicheza Kombe la Dunia la Ujerumani, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Ikafungwa 2 na Scotland, ikafungwa 9 na Yugoslavia, ikafungwa 3 na Brazil. Dunia ikaondoka na picha moja tu.

Tuitazame picha hiyo vizuri. Ni tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, dakika tano hivi zimebaki. Brazil inaongoza 3 kwa 0 na imepewa mpira wa adhabu. Wabrazil wanapanga nani apige, ukuta wa Zaire umesimama. Filimbi inalia. Kabla Mbrazil yeyote hajaugusa mpira, beki wa Zaire, Mwepu Ilunga, anachomoka ukutani mbio na kuupiga mbali. Uwanja unacheka. Mwamuzi anamwonyesha kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya wakasema hawa Waafrika hawajui hata sheria za mchezo, na kichekesho hicho kimerudiwa miaka 50.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwepu aliyecheza Mazembe na timu ya taifa asingejua mpira wa adhabu? Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliijua sheria sana. Alisema wachezaji hawakulipwa fedha walizoahidiwa, na baada ya zile 9 za Yugoslavia watu wa Rais Mobutu waliwaambia wasithubutu kufungwa na Brazil zaidi ya magoli 3. Alikuwa amejaa hasira na woga kwa wakati mmoja. Maelezo hayo yalichelewa mno kuandikwa. Kichekesho kilikuwa kimeshakwenda duniani, kikapata kiti.

Na hapa nawapa tahadhari, kwa sababu kalamu nayo huweza kudanganya. Katika mchezo wa Yugoslavia mwamuzi alipigwa teke kutoka nyuma. Akageuka, akamtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu. Ndaye hakumgusa, Mwepu alikiri baadaye kuwa teke lilikuwa lake. Lakini fungueni karatasi rasmi za Kombe la Dunia: mwenye kadi nyekundu ni Ndaye. Katika mchezo huo huo Kazadi alitolewa langoni dakika ya 21, Zaire ikiwa imeshafungwa 3, akaingia Tubilandu, kipa mfupi asiyepasha hata misuli, akabebeshwa 6 zilizobaki. Mwenye kusoma namba peke yake atasema kipa mbaya. Anayeandika aandike namba, kisha aandike na yaliyotokea.

Kuna jambo jingine lililotuchanganyia majina. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu uliwavua watu majina ya Kikristo. Pierre wa jana akawa mtu mwingine leo, na nchi yenyewe ilikuwa imeshabadilika kuwa Zaire. Kijana anayetafuta habari za timu ya 1968 katika orodha ya 1974 anaweza kudhani ni watu tofauti, kumbe ni wale wale.

Na Ndaye, mwenye magoli 9? Mwaka 1994 alialikwa Tunisia, akaheshimiwa kwenye Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia wakidhani ameleta fedha, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya dhiki huko Cape Town. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika lililochezwa Burkina Faso, watu walisimama dakika moja kimya kumwombolezea, kwa sababu ilitangazwa kuwa amekufa mgodini Angola. Hakuwa amekufa. Aliishi miaka 21 mingine, akafariki Januari 2019. Bara zima halikuwa na mtu mmoja aliyejua mfungaji wake bora yuko wapi. Moonlight Graham, aliyecheza mchezo mmoja bila kushika gongo, alitunzwa vizuri kuliko huyo.

Na sisi wa Maniema?

Mkoa wetu leo una timu inayojulikana. AS Maniema Union, iliyoanzishwa Kindu mwaka 2005, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024 hadi 2025, ikakutana na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR ya Rabat. Ilimaliza ya mwisho katika kundi, lakini ilikaa meza moja na wakubwa, na majina ya vijana wake yameandikwa huko.

Lakini Lusangi? Hapa kila likizo kubwa kuna mashindano. Balo ya ngozi ikikosekana, ya matambara ipo. Wapo wazee humu ndani waliocheza kabla barabara ya Kasongo haijaharibika, na wajukuu wao hawajui kama walikuwa makipa au washambuliaji. Wapo vijana waliofunga magoli yaliyoimbwa mwezi mzima, kisha wakaenda machimbo ya dhahabu ya Namoya na Salamabila, na hakuna tena aliyewasikia. Vita vimetukimbiza mara nyingi, na anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Kwa hiyo siwalaumu waliotutangulia. Nasema na sisi tuliopo, tulio na kalamu na simu mkononi.

Kazi ninayoiomba haina gharama. Kila timu inunue kaye moja ya shule yenye jalada gumu, nayo iwe ya mechi tu. Kila mechi ipewe ukurasa wake. Juu iandikwe tarehe, uwanja na jina la mwamuzi. Chini yake yaandikwe majina ya wachezaji wote, walioanza na walioingia, kila mmoja kwa jina lake, la baba yake na kijiji chake, wala si jina la utani peke yake, maana baada ya miaka 30 hakuna atakayemjua "Mputu" wenu alikuwa nani. Yafuate magoli: nani alifunga, dakika ya ngapi, nani alimpasia. Zifuate kadi na sababu zake. Mwisho iachwe mistari mitano ya kueleza kilichotokea, kama nilivyosema juu ya Tubilandu. Makapteni wote wawili watie sahihi, ili asitokee Ndaye mwingine wa kubeba kosa la mwenzake. Timu za wasichana ziandikwe vile vile, katika kaye ile ile.

Ukurasa ukishajaa upigwe picha kwa simu, na nakala ya pili ikae shuleni, parokiani au msikitini, kwa sababu kaye moja ni rahisi kuungua. Walimu wa sekondari, wapeni wanafunzi kazi ya kuwauliza wazee waliocheza zamani: ulicheza wapi, na nani, mlimshinda nani. Waandike majina yote mawili, lile la kabla ya 1972 na lile la baadaye. Fanyeni mwaka huu, wazee hawatungoji. Na wazazi, andikisheni watoto ndani ya zile siku 90.

Sikuja kuahidi kwamba mtoto wa Lusangi atakuwa Ndaye Mulamba. Pengine atacheza mechi moja tu, aingie dakika ya 85, asiuguse mpira. Hata huyo ana haki ya mstari wake.

Kwa hiyo naomba jambo moja kabla hatujatawanyika. Kila kapteni aje mezani hapa mbele atutajie jina la mwandishi wa timu yake, mvulana au msichana, mwenye mwandiko unaosomeka. Mashindano ya likizo ijayo, timu isiyo na mwandishi isipangiwe mechi.